Bugalho Haguswi na Mgeni

Roanne, 3 Julai 1977

Dada Ermelinda, mama yangu wa ubatizo,

Naomba baraka zako kwanza, maana kwa hasira niliyo nayo nisipoanza na hilo nitasahau.

Barua yako nimeipata jana nikitoka kiwandani. Nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Wa nne! Kati ya mbwa wangapi? Wanne! Dada, huo si ushindi wa nne, huo ni mkia. Mbwa wa ukoo wa marehemu baba, awe wa mwisho kwenye maonyesho ya mbwa siku ya Mtakatifu João, mbele ya mji mzima wa Vila Mendo, halafu kombe abebe Sultão, mbwa wa jirani Custódio? Si mama yake Sultão ndiye aliyekuwa akikimbizwa na kuku?

Hapana. Hapa pana mkono wa mtu.

Nikukumbushe tunachokitafuta, usije ukadhani ni sifa tupu. Bosi wangu wa huku Ufaransa, Ferrand, ni mtu wa mbwa. Ghala lake jipya linafunguliwa Novemba, na getini kuna nyumba ya mlinzi, vyumba viwili na bustani. Ameniambia kwa mdomo wake: niletee huyo mbwa wako wa mlimani akiwa na kombe la kwanza, hata moja tu, nyumba yako na kazi yako. Picha ya Bugalho uliyonitumia iko ukutani kwake. Kila Jumatatu ananiuliza, "Vipi, Adelino, mbwa?" Jumatatu hii nimejificha chooni.

Yamebaki maonyesho mawili, ya Agosti kumi na tano na ya Mtakatifu Mateus mwezi wa tisa. Akishinda moja, Novemba Bugalho anapanda gari kuja huku. Kwa hiyo nisikilize. Kuanzia leo mtu yeyote asimguse. Asimlishe, asimpapase, asimwite kwa jina. Custódio ana dawa ya kila kitu, na ya mbwa pia anayo. Padre asimguse. Watoto wasimguse. Hata akija daktari wa mifugo, mwambie mbwa ni mzima na mlango ni ule pale.

Na wewe mwenyewe fungua macho. Nani alikuwa karibu naye asubuhi ya maonyesho? Nani alimpa maji? Niandikie majina.

Mdogo wako,
Adelino


Penedo Alto, 14 Julai 1977

Adelino,

Mungu akubariki, akupunguzie na hiyo homa.

Umetaka majina. Asubuhi ya maonyesho karibu na mbwa nilikuwepo mimi. Maji nilimpa mimi. Haya, nikamate.

Amri yako nimeitimiza neno kwa neno. Padre alikuja Jumapili, akanyoosha mkono, nikamwambia, "Padre, Adelino amekataza." Akauliza Adelino ni nani siku hizi, askofu? Daktari wa mifugo nilimrudisha akiwa na mkoba mkononi. Zulmira wa posta sasa anaacha barua juu ya ukuta na kuweka jiwe. Watoto wa mtaa wa chini wanapita ng'ambo ya barabara. Wiki iliyopita mchuuzi mmoja wa jibini aliingia getini bila kubisha hodi. Nikapiga vidoko viwili vya ulimi, vile vya baba, unavikumbuka? Bugalho akainuka akasimama kati yetu. Hakubweka wala nini, alisimama tu. Mchuuzi akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine.

Mbwa mwitu wameshuka mapema mwaka huu. Wamechukua kondoo wanne wa Custódio upande wa kijito, mchana kweupe. Wa kwetu wote wapo, ninawahesabu kila jioni na wote wapo. Nakwambia tu upate kujua.

Kuhusu jaji sina la kusema. Ni mtu mfupi, ana miwani, alimwangalia Bugalho kwa mbali akasogea kwa mwingine.

Kuhusu Novemba pia sina la kusema. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba, hata kama nyumba hujaiona tangu mwaka sabini na tatu. Lakini Agosti ndiyo hii. Mara hii kijiji kitajaa magari ya Ufaransa, kila mtu na redio yake. Viwanda vyote vya huko hufungwa Agosti, hata mimi nisiyetoka mlimani nalijua hilo. Cha kwako hakifungwi?

Nimekuwekea jibini mbili za Machi. Zimeanza kulainika vizuri katikati.

Dada yako,
Ermelinda


Roanne, 26 Julai 1977

Dada mpendwa,

Naomba baraka zako.

Umeniandikia kurasa tatu. Mchuuzi wa jibini amepata nusu ukurasa. Jaji amepata mstari mmoja! Miwani! Mimi miwani ya jaji ni ya nini?

Ferrand amenieleza mambo yanavyokwenda. Jaji anamkagua kila mbwa, anataja kwa sauti anachokiona, karani anaandika, na mwenye mbwa anaondoka na karatasi. Kila mbwa ana karatasi yake. Ya Bugalho iko wapi? Mbona hukuitaja? Nataka nione kwa macho yangu kasoro gani waliyombandika. Na nasikia jaji ni binamu wa mke wa Custódio. Nani kaniambia, usiulize, hata huku Roanne kuna watu wa mlimani wenye masikio.

Agosti sitaweza kuja. Kiwanda kinafungwa kwa wengine, sisi tuliobaki tunatengeneza mashine. Usiniulize tena mambo ya Agosti.

Horácio wa kinu cha maji anakuja kwa gari lake jipya, nimempa kifurushi. Kuna sabuni ya mbwa yenye harufu ya tufaha, na chanuo la chuma. Mwoshe siku mbili kabla, mchane kuanzia nyuma kuja mbele. Ukanda wa shingo wenye misumari, ule wa baba, mvalishe, majaji wanapenda vitu vya kale. Na bado nasema asiguswe na mtu! Siku ile mfiche nyuma ya kanisa mpaka aitwe. Msogelee Custódio umwangalie anaficha nini mfukoni.

Wasiwasi wangu hauna mwisho, dada. Ninakaa kwenye mashine naona watu wanampa Bugalho nyama yenye dawa. Nitalala vipi?

Adelino wako


Penedo Alto, 17 Agosti 1977

Adelino,

Mungu akubariki.

Wa tatu. Usifurahi bado. Walikuwa watatu.

Nilimwosha kwa hiyo sabuni yako. Alinuka kama duka la matunda, kondoo wakamkimbia mbwa wao wenyewe, ikabidi nimtembeze kwenye kinyesi chao jioni nzima ndipo wakamkubali tena. Kwa hiyo kama jaji alisikia harufu fulani, sitakataa. Nilimchana. Nilimvalisha ukanda wa baba. Nilimficha nyuma ya kanisa kama ulivyosema, tukakaa wawili tu kivulini, hakuna aliyemgusa. Custódio mfukoni alikuwa na mkate wa shayiri na leso.

Karatasi unayoidai, ya Juni ililowa mvua. Hii ya juzi niliiweka juu ya pipa nikafungue geti, mbuzi akaila. Najua utasema nini. Na mimi ningesema hivyohivyo. Lakini mbuzi ni mbuzi.

Sultão amebeba kombe tena. Custódio amelijaza mvinyo, akapitisha kwa kila mtu, na mimi akanipitishia. Nilikunywa. Kiu ilikuwa kali.

Horácio amefika na gari lake. Kwa heshima nilimkaribisha supu, nikamuuliza nyumba ya Adelino wetu huko ikoje, ile uliyoniandikia Krismasi, yenye dirisha la kuelekea mto. Akaanza kutazama viatu vyake. Nikamuuliza tena. Akasema supu ni tamu. Adelino, nimekulea tangu una miaka mitatu, ukidanganya nilikuwa nakujua kwa masikio, yalikuwa yanakuwa mekundu. Masikio yako siyaoni kutoka huku.

Kwa hiyo kila mtu na mbuzi wake.

Ermelinda


Roanne, 29 Agosti 1977

Kwa Bwana Custódio Pinhal,

Utashangaa kupata barua yangu. Sisi wawili hatujawahi kuandikiana, na tulipoachana mara ya mwisho, kama unakumbuka, tulikuwa tumeshikana mashati kwa ajili ya mpaka wa malisho. Yale yalikuwa ya ujana wangu. Nakupongeza kwa makombe ya Sultão, ni mbwa mwenye kifua.

Nina ombi la mtu mzima kwa mtu mzima. Wewe ulikuwepo uwanjani mara zote mbili. Dada yangu ananiandikia mambo yasiyoshikamana. Karatasi za jaji hazionekani, moja imelowa, nyingine imeliwa. Mbwa ni mzima, anaoshwa, anachanwa, na bado ni mkia. Nimeanza kufikiri jambo ambalo sikutaka kulifikiri. Je, mwenye kunihujumu yumo ndani ya nyumba yangu?

Unaishi jirani, dirisha lako linatazama ua wetu. Mwangalie kwa niaba yangu. Anamfanya nini mbwa? Anamwambia nini? Usimwambie kitu, naye ana macho makali.

Nisamehe kama niliwahi kukutaja vibaya mahali fulani. Nilikuwa sijui nimshuku nani.

Adelino Carrapato


Penedo Alto, 7 Septemba 1977

Adelino,

Barua yako imeniudhi mara tatu. Kwanza kwa kunisifia mbwa kwa uongo. Pili kwa kunifanya mpelelezi, mimi mwenye umri wa miaka sitini na mbili. Tatu kwa hayo ya mwisho, maana najua ulivyonitaja, kijiji kizima kinajua. Dada yako amewafukuza watu wote getini akisema "Adelino amekataza, Custódio atamtilia sumu." Mke wangu hakunisemesha siku mbili, alidhani kweli nina sumu ndani ya nyumba.

Jaji si binamu wa mke wangu. Anatoka pwani, hajawahi hata kula kwetu.

Sasa nikujibu, kwa kuwa umeniuliza kama mtu mzima. Bugalho ndiye mbwa mzuri kuliko wote waliokuwepo uwanjani. Nalisema mimi, mwenye Sultão. Jaji naye alisema hivyohivyo, kwa sauti, karani akaandika na sisi sote tukasikia. Lakini jaji lazima afungue mdomo wa mbwa ahesabu meno, apitishe mkono mgongoni mpaka mkiani. Asipogusa, hatoi alama. Ndiyo sheria. Na Bugalho hakugusika. Unategemea nini? Mbwa hajaguswa na mkono wa mtu mwingine tangu Julai, umeamuru wewe! Sultão wangu wiki nzima kabla ya maonyesho nampeleka kwenye duka la mvinyo, walevi wote wanampapasa, wanamvuta masikio. Akifika kwa jaji anadhani ni mlevi mwingine.

Hilo ni kosa lako. La Agosti ni kubwa zaidi, na nimefikiri siku nne kama nikuandikie.

Agosti, jaji alipiga goti, akampa Bugalho kiganja akinuse. Mbwa akanusa. Alikuwa ametulia, mkia chini, sawa kabisa. Jaji akapeleka mkono kwenye mdomo. Hapo nikasikia vidoko viwili. Watu wa mjini hawakusikia, na wangesikia wasingejua ni nini. Mimi ni mchungaji, na baba yako nilichunga naye. Vidoko viwili maana yake mgeni huyu asipite. Bugalho akainuka akasimama kati ya jaji na dada yako, na ikawa basi.

Sitamwangalia Ermelinda dirishani. Na hii barua yako nitampelekea aisome, kwa sababu mimi naishi hapa, wewe huishi hapa.

Custódio Pinhal


Roanne, 14 Septemba 1977

Ermelinda,

Nimeyajua. Vidoko viwili. Vya baba! Ungetumia hata sumu ningeelewa, lakini ukachukua sauti ya baba ukanipigia mimi.

Siombi baraka.

Nakuja. Siku ya Mtakatifu Mateus kamba ya Bugalho nitaishika mimi mwenyewe, na wewe utasimama mbali ambako ulimi wako hausikiki. Akishinda, siku hiyohiyo naondoka naye.

Adelino


Penedo Alto, 15 Septemba 1977

Adelino,

Custódio alikuja jana, akakaa juu ya ukuta, akanisomea barua uliyomwandikia. Alisoma polepole kwa sababu miwani yake imevunjika mkono mmoja. Hakucheka hata kidogo. Ingekuwa afadhali angecheka.

Ni kweli. Karatasi ya kwanza haikulowa, ya pili haikuliwa, zote ziko kwenye droo pamoja na cheti cha kifo cha baba. Na vidoko nilipiga mimi. Juni sikupiga, Juni alimkataa jaji mwenyewe tu, kama mbwa wa zizi anavyofanya. Niliporudi nyumbani nikafurahi, na nikaogopa nilivyofurahi. Halafu ikaja barua yako kwamba mtu asimguse. Nikasema, mdogo wangu ananisaidia na hajui. Nikakutii kuliko nilivyowahi kukutii maisha yangu yote. Agosti nilimwona anataka kumkubali yule jaji. Alinusa kiganja, akalegeza masikio. Nikaona Novemba. Ulimi ukajipigia wenyewe.

Mbona hukuniuliza? Uliandika "Bugalho anapanda gari kuja huku," basi, kama anayeagiza jibini. Mbwa mwitu wamerudi kwa Custódio, sasa amepoteza sita. Mimi sijapoteza hata mmoja. Akiondoka Bugalho, nauza kondoo kabla ya Krismasi, nafunga mlango huu, naenda kufagia nyumba za watu Vila Mendo. Hilo ndilo ulilokuwa unaliomba, wewe ukiliita kombe.

Na yeye je? Getini, kwenye mnyororo, analinda marobota ya nguo? Huyu anajua kondoo gani ni kiwete na yupi ana mimba. Marobota atayajulia wapi?

Niseme lote. Ulipovuka mpaka nilibaki na baba. Alipokufa nilibaki na mbwa. Nilikungoja Agosti ile, na ile ya baada yake, na hii. Sasa nakushuku kama unavyonishuku. Nadhani hakuna dirisha, hakuna mto. Nadhani unaona haya kurudi bila gari.

Tarehe ishirini na moja nitampeleka tena, na sitafungua mdomo. Jaji aamue. Akishinda, usimtume Horácio wala mtu mwingine. Njoo wewe umfungue kamba kwa mkono wako.

Sijui barua hii uianze vipi kusoma, na sijui mimi niimalize vipi. Leo siwezi kuandika Mungu akubariki. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Ermelinda


Roanne, 30 Septemba 1977

Dada,

Barua yako ya tarehe kumi na tano nimeikuta chini ya mlango niliporudi. Ilifika huku mimi niko njiani kuja huko. Kwa hiyo yote niliyokufanyia siku zile mbili niliyafanya bila kuisoma. Ningeisoma kabla, labda ningebisha hodi vizuri zaidi.

Hujui ilivyokuwa kabla hujafika kutoka malishoni, sikukueleza, nilikuwa nimenuna. Nilifika saa sita mchana. Nikafungua geti ambalo nililipaka rangi mimi. Bugalho, uliyemwacha nyumbani kwa ajili ya maonyesho, akatoka kwenye kivuli cha zizi, taratibu, hakubweka. Akasimama kati yangu na mlango. Nikamwambia, "Bugalho, ni mimi." Nikamtajia jina la baba. Nikamtajia na la mama yake, kwamba nilimlisha kwa chupa. Alinisikiliza kwa heshima, akabaki palepale. Nikarudi nyuma, nikakaa kwenye ukuta na sanduku langu, pale Zulmira anapoacha barua, na jiwe lake pembeni. Nilikaa mpaka ulipokuja. Muda wa saa sita nzima, dada. Watu wakapita wakanisalimu, "Adelino, karibu!" na mimi niko nje ya nyumba yangu mwenyewe. Wewe ulipofika ukadhani nimekataa kuingia kwa kiburi. Nikakuacha udhani.

Uwanjani uliona. Nilikuambia usimame nyuma ya wote, ukasimama. Jaji alipopiga goti nilikuwa nasikiliza ulimi wako kuliko nilivyomsikiliza jaji. Nilisikia umesema "taratibu," basi. Na Bugalho akamfungulia mdomo mtu wa pwani kama anapiga mwayo. Meno yote arobaini na mawili. Nikasema moyoni, nimeshinda, Novemba hiyo. Jaji akaniambia, "Mtembeze."

Nikavuta kamba.

Wewe uliona, Custódio aliona, Vila Mendo nzima iliona. Nilivuta, nikambembeleza, nikamtukana kwa sauti ndogo. Alikaa chini. Akanitazama kama alivyonitazama getini. Walicheka, na mimi nikakuwekea kamba mkononi nikaenda moja kwa moja kwenye kituo cha basi bila kukuaga, karatasi ya jaji mfukoni. Niliifungua baada ya kuvuka mpaka. Nakunakilia, maana hii najua hailiwi na mbuzi:

"Dume, miaka mitatu. Kichwa bora, mifupa bora, meno kamili. Ametulia alipoguswa na jaji. Amekataa kutembea. Anamchukulia aliyeshika kamba kuwa mgeni. Hakuna alama."

Nimeisoma mara nyingi. Jaji hana kosa. Niliagiza asiguswe na mgeni, na mbwa ametii.

Hakuna dirisha la kuelekea mto. Tuko watano chumba kimoja, nyuma ya reli, na aliye karibu na jiko ndiye tajiri. Mashine hakuna aliyekuwa akizitengeneza Agosti. Nilikaa kitandani, nikahesabu magari yanayoondoka. Nilitaka nirudi siku nina nyumba, nikuambie "dada, njoo uone." Ferrand amempa nyumba ya getini jamaa wa mkoa wa Auvergne, mwenye mbwa wa kipolisi. Aliponiambia nilisikia uchungu, na chini ya uchungu nikasikia kitu kama mtu aliyetua mzigo. Sikukitarajia.

Bugalho abaki. Hakuwa wangu kumtoa.

Naomba kitu kimoja. Ndani ya kifurushi hiki kuna shati langu la kazi. Sijalifua, usilifue. Liweke pale anapolala. Agosti ijayo nakuja kwa treni, na sitaki kukaa ukutani tena.

Sijui kama nina haki, lakini naomba baraka zako.

Adelino


Penedo Alto, 16 Oktoba 1977

Adelino,

Shati limefika. Linanuka kweli, hilo hukunidanganya.

Siku ya kwanza nililitandika kwenye majani anapolala. Alilinusa, akalala nje kwenye baridi. Siku ya pili alilishika kwa meno akalitoa zizini, akalitupa karibu na geti, pale wanaposimama wageni. Nikalirudisha, akalitoa. Nikalirudisha tena. Custódio alikuwa anaangalia kutoka dirishani kwake, sasa ndiyo anaangalia bila kutumwa, akapaza sauti, "Mwachie, Ermelinda, anajua anachofanya!"

Nikaliacha getini. Tangu jana Bugalho halali tena kwenye majani. Amelala getini, mkono mmoja juu ya mkono wa shati. Kondoo mmoja alitaka kulitafuna akamfukuza. Zulmira alitaka kuliokota akamwonyesha meno. Nimemtazama sana, na mimi mbwa nawajua, lakini sijui kama analilinda shati asiliguse mtu, au anatulinda sisi lisiingie ndani.

Njoo Agosti tujue.

Droo nimeifungua, karatasi zote mbili nimezibandika ukutani juu ya meza, na ya tatu nimeacha nafasi yake, uje nayo.

Mungu akubariki, mwanangu. Leo kalamu haikukataa.

Ermelinda